Kutoka Royal hadi Majestic: Jumba la Sinema la Vuga, Unguja

Jumba la Majestic, lililopo Vuga katika Mji Mkongwe wa Unguja, ni la pili kujengwa katika kiwanja chake. La kwanza, Royal, lilifunguliwa mwaka 1921. Mwenye mali alikuwa mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla. Ramani ilichorwa na John Sinclair, ofisa wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa Balozi Mkazi. Sinclair alipenda kutia matao na kuba za Kiislamu katika majengo ya serikali, mtindo uitwao wa Kisaraseni. Makumbusho ya Beit el Amani, ya mwaka 1925, ni kazi yake pia.

Ni rahisi, basi, kuliona jumba hilo kuwa alama ya ukoloni. Mtazamo huo ni finyu. Mtaji ulikuwa wa Jariwalla na mapato yalitoka mifukoni mwa watazamaji. Sinclair aliipa biashara hiyo sura tu. Sura yenyewe haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jengo liliteketea kwa moto, na lile lililofunguliwa mwaka 1955 lilichorwa na Dayalji Pitamber Sachania kwa mtindo wa Art Deco, unaothamini mistari iliyonyooka na maumbo ya kijiometri. Mtindo huo ndio uliokwisha kupamba majumba ya sinema ya Bombay, kama vile Regal (1933) na Eros (1938). Macho ya Vuga, kwa maneno mengine, yalielekea kule zilikotoka filamu.

Laura Fair, katika Reel Pleasures (2018), ameonyesha jinsi jioni ya Jumapili ilivyokuwa siku ya watu kuvaa, kujitia manukato na kuonana. Kulikuwa pia na maonyesho ya wanawake pekee, yaliyowawezesha waliotawishwa kuingia ukumbini bila kuvunja heshima. Hayo hayasomeki katika ramani yoyote.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba ya sinema yalitaifishwa. Kisha ikaja televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, na kanda za video baadaye. Leo Majestic ni gofu. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini sifa zake hutajwa kwa milango ya nakshi na nyumba za mawe ya matumbawe, na jengo la 1955 huonekana changa mno kuhesabiwa miongoni mwake. Kulikarabati kwa kuhifadhi ukuta wa mbele tu, na nyuma yake kuweka maduka, kungeokoa kazi ya Sachania na kuupoteza ukumbi.