UZI: "Kwani mtalala ndani ya mpira?"

Wiki iliyopita tulikuwa na kikao cha kutoa maoni ya bajeti hapa Karagita. Nilisimama nikaomba mambo mawili: makao ya muda kwa kina mama waliofungiwa nyumba, na saa mbili kwa wiki ambazo uwanja utakuwa wa wanawake. Mzee mmoja ninayemheshimu, ambaye tunasalimiana kila asubuhi, akaniuliza mbele ya watu: "Binti yangu, kwani mtalala ndani ya mpira?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini swali la mzee husikika kila bajeti inapojadiliwa, na wanaliuliza watu wa kila upande wa siasa: pesa ziende kwa michezo au kwa nyumba? Nilikuwa nimepewa dakika mbili tu, kwa hivyo najibu hapa. Sitataja chama wala mwanasiasa. Kama hiyo ndiyo unatafuta, pita tu.

Tuanze na historia ya hapa. Kama huijui Karagita, iko kando ya Moi South Lake Road, Naivasha, na ni mtaa ulioota kwa sababu ya maua. Kampuni ya Wadenmaki ilianza kulima maua upande huu 1969, na mpaka leo kuna mahali panaitwa DCK, kifupi cha jina lake. Mashamba yakaongezeka, watu wakaja kutoka Nyanza, Magharibi, Kisii, Kati, wakapanga vyumba vya mabati.

Baadhi ya mashamba yalijenga nyumba za wafanyakazi, na yakawa na timu za mpira. Si timu za mchezo mchezo. Oserian Fastac ilichukua ubingwa wa ligi kuu ya Kenya 2001, na 2002 ikauchukua tena. (Fastac ni jina la dawa ya kuua wadudu. Huku ni kwetu.) Sher nayo, iliyokuja kuitwa Karuturi, ilifika ligi kuu. Mtaani tulijua kijana mwenye mguu mzuri anaweza kuitwa shambani, akapata kazi, na kazi ikaja na chumba. Sasa, wengi wa wanaochuma na kupanga hayo maua ni wanawake. Timu zilizofika huko juu zilikuwa za wanaume.

Kwa hivyo mzee, kwa heshima, hapa Naivasha kuna wanaume walioshalala ndani ya mpira, tena usingizi mzuri. Hakuna aliyecheka.

Halafu ikaja 2008. Nilikuwa na miaka 14. Januari ni wakati maua ya Valentine yanatayarishwa, mama alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 27 ghasia za baada ya uchaguzi zikatufikia. Kule Kabati, watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja. Tume iliyochunguza ghasia za nchi nzima ilihesabu vifo 1,133, na waliofukuzwa makwao walikuwa mamia ya maelfu. Sisi tulilala kwa uwanja wa polisi, juu ya leso na magunia.

Mchana wavulana walicheza mpira wa juala. Wasichana tulipanga foleni ya maji. Siku ya tano au ya sita msichana mmoja mkubwa wa ploti yetu aliweka mtungi chini akaingia tu mchezoni, bila kuuliza mtu. Tukamfuata watatu. Nakumbuka mama akinitazama, na ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo uso wake kulegea.

Tuliporudi Karagita, chumba chetu kilikuwa na mtu mwingine. Miezi saba tulilala kwa sakafu ya mwanamke aliyefanya kazi na mama. Siku ya kuandikisha waathiriwa, mama aliambiwa aje na mwenye nyumba, yaani baba. Baba alikuwa ametuacha tangu 2004. Jina letu halikuandikwa.

Nimekaa hapo kwa sababu watu wakisikia "asiye na makao" wanaona mtu amelala kwa barabara. Sheria yetu pia iliona hivyo. Sheria ya uzururaji tuliyorithi kwa mkoloni ilimchukulia asiye na makao kama mkosaji wa kukamatwa, na ilifutwa 1997 tu, miaka 34 baada ya uhuru. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, ikasema makao bora ni haki ya kila mtu. Lakini mwanamke asiye na makao huwezi kumwona kirahisi. Yuko kwa chumba cha mtu. Analipa kwa kufua na kulea watoto wa wenyewe, wakati mwingine analipa kwa njia ambayo sitaiandika hapa. Kuna sheria ya 2015 ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, inayoruhusu mahakama kumtoa mpigaji nyumbani na kumwacha aliyepigwa. Ni sheria nzuri. Lakini kama chumba kimeandikwa jina la bwana, keateka wa ploti hajui hizo habari za mahakama.

Na nje ya Naivasha je? Hii sehemu ndiyo hunikera, kwa sababu Wakenya wengi hawaijui. 2001, baada ya mkutano Cape Town wa magazeti yanayouzwa na watu wa mitaani, Mel Young wa Scotland na Harald Schmied wa Austria walipata wazo la Kombe la Dunia la Wasio na Makao. La kwanza lilichezwa Graz, Austria, 2003, na nchi 18. Uwanja ni mdogo, kila upande wachezaji wanne pamoja na kipa, mechi ni dakika 14. Shindano la wanawake peke yao lilianza Melbourne 2008, na walioshinda ni Wazambia. 2011 kombe likaenda Paris, chini ya mnara wa Eiffel, na upande wa wanawake mabingwa wakawa Kenya.

Soma tena. Wanawake wa Kenya waliwahi kushinda kombe la dunia la mpira. Uliza mtaani kwenu ni wangapi wanajua.

Kombe hilo lina sheria moja ninayoipenda kuliko zote: mchezaji anaruhusiwa kushiriki mara moja tu maishani. Hata ukiwa moto namna gani, mwaka ujao anaenda mwingine. Waliolianzisha hawakutaka kulea mastaa. Kukosa makao kunachukuliwa kama mahali mtu anapita, na mpira ni kitu cha kushika akipita.

Sisi tuko 17. Tunacheza Jumapili saa nane, jua likiwa la utosi, kwa sababu kuanzia saa kumi uwanja ni wa wanaume. Watoto wanakaa kando na mashuka. Tukimaliza tunachanga shilingi 50 kila mtu, na hapo ndipo habari zote hutoka: ploti gani ina chumba, nani amepunguziwa siku za kibarua, bwana wa nani amerudi na pombe. Mwaka jana mmoja wetu alikosa Jumapili mbili. Tulimtafuta, tukampata analala na watoto wawili kwa kibanda cha mboga, mlango wake umetiwa kufuli kwa deni la kodi. Tulikuwa na pesa ya kulipa deposit mahali pengine. Bila ile Jumapili, nani angejua hayupo?

Sitawadanganya pia. Kuna mwingine alikuwa na deni la miezi minne. Chama kilikuwa na shilingi 2,300. Alirudi kwa mtu aliyemkimbia, na hajarudi kucheza. Hapo mzee yuko sawa kabisa, mpira si paa.

Ndiyo maana niliomba yote mawili. Ukisikia mjadala wa nyumba za bei nafuu, kumbuka hizo zinajengwa kwa mtu mwenye mapato ya kueleweka. Tangu sheria ya 2024 kila mwenye payslip anakatwa 1.5%, na mwajiri anaongeza kama hiyo. Wenzangu walio na payslip wanakatwa. Na yule aliyefungiwa mlango leo saa mbili usiku anahitaji kitanda leo saa tatu. Hizo ni shida mbili tofauti, na wanaozichanganya jukwaani mara nyingi wanajua wanachofanya. Saa mbili za uwanja nazo hazigharimu kaunti hata shilingi. Nyasi zipo. Ni ratiba tu ibadilishwe.

Baada ya kikao mzee alinifuata akaniuliza kama ni kweli ile ya Paris. Nikamwambia ni kweli, babangu. Akatikisa kichwa, akasema mjukuu wake pia hupenda boli.

Karani aliyekuwa anajaza fomu akaniuliza maoni yangu yaende kwa Michezo au kwa Nyumba. Nikamwambia aandike kote kuwili. Akasema fomu hairuhusu, akaandika Michezo.

Barua ya Nyumba napeleka mwenyewe Jumatatu. Anayetaka kutia sahihi, tuko uwanjani Jumapili, saa nane. Beba maji.