Jinsi ya kutia na kusanidi kadi ya mtandao usio na waya ndani ya paneli ya kugusa

KATIKA wadi ya Junda, mojawapo ya wadi saba za eneobunge la Kisauni, Mombasa, duka la dawa, zahanati au duka la jumla laweza kuwa na paneli ya kugusa kaunta, na bado likose njia ya kupitisha waya wa mtandao kutoka kwenye ruta. Nyumba zimekaribiana, kuta ni za mawe ya matumbawe au matofali ya saruji, na mara nyingi chumba cha biashara ni cha kupanga, hivyo mwenye nyumba hataki kutobolewa ukuta. Hapo ndipo kadi ya mtandao usio na waya inapohitajika.

Jambo hili si la anasa. Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) ilipoanzisha mfumo wa ankara za kielektroniki wa eTIMS mnamo 2023, mashine ya kaunta iligeuka kuwa chombo cha kodi pia. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya 2023, tangu Januari 1, 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya aina hiyo haikubaliwi katika hesabu ya kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa. Mteja mwenye biashara yake ataihitaji ankara hiyo, na akiikosa atahamia duka jingine. Paneli isiyofikiwa na mtandao basi humpotezea mwenye duka wateja.

Ajabu ni kwamba intaneti yenyewe haiko mbali. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mnamo 2009, na EASSy ikafuata 2010. Kinachosumbua mara nyingi ni zile mita chache za mwisho, kati ya ruta na kaunta.

Paneli ya kugusa ni nini?

Paneli ya kugusa ni kompyuta iliyojengewa ndani ya skrini. Nyuma ya kioo mna bodi kuu, kumbukumbu, hifadhi ya data na kifaa cha kupunguza nguvu za umeme. Zipo paneli zenye mfumo wa Windows, Linux au Android, na zipo zile za kuendeshea taa, vipaza sauti na viyoyozi katika hoteli na kumbi za mikutano. Hizi za mwisho aghalabu hukubali kadi ya mtengenezaji wake pekee, na fundi hana budi kusoma kitabu cha maelekezo kabla ya kununua chochote.

Kuchagua kadi

Aina tatu ndizo hukutwa zaidi. Paneli za zamani zina tundu la mini PCI au mini PCI Express. Kadi kamili ya mini PCI Express ina upana wa milimita 30 na urefu wa takriban milimita 51. Paneli mpya zina tundu la M.2, na kadi yake ya kawaida ina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 30. Aina ya tatu ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB, bila kufungua chochote.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kila tundu la M.2 hupokea kila kadi ya M.2. Pengo lililokatwa kwenye ukingo wa kadi ndilo huamua. Kadi za mtandao huwa na pengo la herufi A au E, ilhali matundu ya hifadhi ya data hutumia B au M. Kuna pia kadi zinazotegemea sehemu ya kazi yake ifanywe na prosesa ya Intel ya toleo maalumu. Kadi ya namna hiyo huingia vyema katika tundu la paneli nyingine, lakini haifanyi kazi kamwe. Aidha, baadhi ya watengenezaji huifunga bodi isikubali kadi isiyo katika orodha yao.

Mnunuzi ahakikishe pia kwamba kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa kuwa kadi hiyo ni kirusha mawimbi ya redio. Na iwapo waya waweza kufika kaunta bila taabu, waya ungali bora kuliko kadi yoyote.

Kufungua paneli

Kwanza, data yote muhimu inakiliwa mahali pengine. Pili, paneli inazimwa kwa utaratibu wake, kisha plagi inang'olewa ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, na vihifadhi chaji vilivyo ndani hubaki na nguvu kwa muda hata baada ya plagi kutolewa. Paneli za miaka ya 2000 zinahitaji tahadhari zaidi: taa zake za nyuma ya skrini zilikuwa za mirija, zikiwashwa kwa mamia ya volti. Sehemu hiyo haiguswi.

Tatu, fundi agusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili kuondoa umemetuli mwilini. Cheche ambayo mtu haihisi yaweza kuiua kadi. Paneli hulazwa kifudifudi juu ya kitambaa laini, skrubu zikatolewa na kupangwa kwa mpangilio wa matundu yake, kwani ndefu ikiingizwa mahali pa fupi huweza kupasua kioo.

Kadi huingizwa ikiwa imeinamishwa kwa takriban nyuzi 30, ikasukumwa mpaka meno yake ya dhahabu yasionekane, kisha ikalazwa na kukazwa kwa skrubu. Isilazimishwe. Ikigoma, huenda pengo halilingani.

Antena ndiyo roho ya kazi

Mafundi wengi huijali kadi na kuisahau antena. Paneli nyingi zina mgongo wa chuma, na chuma huyazuia mawimbi ya redio. Antena ikiachwa ndani ya chuma, mtandao utaonekana leo na kupotea kesho. Njia sahihi ni kuitoa nje kupitia tundu lililoachwa na mtengenezaji, au kuibandika nyuma ya ukingo wa plastiki, mbali na kifaa cha umeme.

Viunganishi vya antena ni vidogo kama punje ya mtama. Huwekwa sawasawa juu ya kadi, kisha hubonyezwa wima mpaka kisikike kilio chepesi. Vile vya mini PCI Express na vile vya M.2 havilingani kwa ukubwa, hivyo ni kazi bure kuvilazimisha. Kadi yenye matundu mawili ipewe antena zote mbili.

Katika Junda, iliyo kando ya Mkono wa Tudor, hewa ya chumvi ni adui mwingine. Meno ya kadi na viunganishi vyenye kutu husafishwa kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi, vikaachwa vikauke kabisa kabla ya umeme kurudishwa. Paneli isiwekwe mahali inapopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja.

Kusanidi

Paneli ikiwashwa, hatua ya kwanza ni programu endeshi. Linux na Windows mpya hutambua kadi nyingi zenyewe. Ikishindikana, programu hiyo ipakuliwe kwa kompyuta nyingine kutoka kwa mtengenezaji wa kadi na kuletwa kwa kifaa cha USB. Paneli iliyobaki na Windows 10 ifikiriwe upya, kwani Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya mfumo huo Oktoba 14, 2025.

Hatua ya pili ni tarehe na saa. Betri ndogo ya bodi ikifa, paneli huamka ikidhani ni mwaka uliopita zamani. Hapo huungana na ruta vizuri, lakini tovuti salama huikataa kwa sababu vyeti vyake huonekana havijaanza kutumika. Mafundi hupoteza siku nzima wakiilaumu kadi.

Hatua ya tatu ni kuchagua masafa. Gigahezi 2.4 hupenya ukuta wa matumbawe vizuri kuliko 5, ingawa ni ya polepole na husongamana. Katika masafa hayo ya 2.4, njia za 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, hivyo ruta iwekwe kwenye ile yenye majirani wachache. Ruta ikiwa chumba kimoja na paneli, gigahezi 5 yafaa zaidi. Kipimo cha nguvu ya mawimbi kikisoma takriban hasi 65, hali ni njema. Kikishuka chini ya hasi 80, ruta isogezwe kabla ya kununua kadi nyingine.

Hatua ya nne ni anwani. Ni vyema ruta iagizwe kuipa paneli anwani ileile kila siku, ili printa ya risiti isiipoteze. Mwisho, uwezo wa mfumo wa kuizima kadi ili kuokoa umeme uondolewe, kwani ndio husababisha paneli kukatika wakati wa adhuhuri wateja wanapopungua.

Usalama

Paneli ya zahanati hubeba majina na maradhi ya watu. Ya duka hubeba mauzo na namba za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayezihifadhi azilinde. Ulinzi wa WEP ulivunjwa na watafiti tangu 2001 na haufai kabisa. Utumike WPA2 au WPA3, wenye neno la siri refu, na neno lililokuja na ruta libadilishwe. Kitufe cha kuunganisha vifaa bila neno la siri kizimwe.

Muhimu zaidi, mtandao wa wateja utenganishwe na ule wa paneli. Mwenye duka anayewagawia wateja neno lilelile linaloilinda mashine yake ni kama mtu aliyefunga mlango kwa kufuli, kisha akautundika ufunguo barazani.

Kazi ikikamilika, paneli ijaribiwe ikiwa imefungwa kabisa na kuwekwa mahali pake pa kudumu, si ikiwa wazi mezani kwa fundi. Ankara moja itumwe, risiti moja ichapishwe, kisha umeme ukatwe na kurudishwa ili kuona kama itaungana yenyewe. Ikifaulu majaribio hayo, mwenye duka ana haki ya kumlipa fundi wake.