Msichana wa Faili ya Kwanza

Mwaka jana nilifumua nywele nilizokuwa nimesuka wiki moja tu kabla, nikaketi kwenye kiti cha hospitali moja hapa Nairobi, fundi akanibandika vidude ishirini na kitu kichwani kwa gundi baridi. Kifafa, ndiyo. Tulipomaliza akaniletea fomu: je, unakubali rekodi ya ubongo wako itumike katika utafiti, hata kufundisha akili unde? Nilikwama na kalamu mkononi. Nikaenda na fomu nyumbani, nikaanza kusoma.

Mtu wa kwanza kunasa mawimbi ya umeme wa ubongo wa binadamu ni Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani. Ujanani, akiwa jeshini, alianguka kutoka kwa farasi, nusura apondwe na mzinga. Siku hiyo hiyo ikaja telegramu kutoka nyumbani: dadake alikuwa amehisi yuko hatarini. Berger akaamini mawazo husafiri, akatumia miaka kuyatafuta. Hakuyapata. Alichopata mwaka 1924 ni mstari unaotetemeka, na alijishuku hadi 1929 ndipo akachapisha. Wengi walimpuuza. Kisha mwaka 1935, madaktari wa Boston wakaona kifafa chenyewe kwenye karatasi: mwiba na wimbi, mara tatu kwa sekunde. Ugonjwa ambao kwetu bado kuna watu wanauita mapepo!

Ningefurahi hadithi iishie hapo. Lakini tangu 1934 Ujerumani ya Hitler ilikuwa ikiwafunga uzazi kwa nguvu watu wenye magonjwa yaliyodaiwa kuwa ya kurithi, na kifafa kilikuwa kwenye orodha. Madaktari walilazimika kisheria kuripoti wagonjwa wao. Berger mwenyewe alihudumu katika mahakama iliyoamua kesi hizo. Yaani yule yule. Hapo nilifunga laptopu nikaenda kuosha vyombo.

Usiku nikapata rekodi nyingine. Watafiti wa MIT na hospitali ya watoto ya Boston waliweka wazi mtandaoni rekodi za wagonjwa 22 ambao dawa zilikuwa zimewashinda, mdogo wao akiwa na mwaka mmoja na nusu. Ndani yake mna mishtuko 198. Hata wewe unaweza kuipakua sasa hivi kwa bando lako. Majina yametolewa, tarehe zimebadilishwa. Programu nyingi za kutambua kifafa zimejifunzia hapo, na kuna maelezo mafupi tu: faili ya kwanza na ya 21 ni za msichana mmoja, aliyerudi baada ya mwaka mmoja na nusu. Simjui. Ila najua alirudi.

Sasa, kompyuta iliyosomea watoto wa Boston itanitambua mimi? Bila rekodi zetu itajifunzia wapi? Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inaniruhusu kuondoa idhini wakati wowote. Sawa, lakini faili ikishapakuliwa na mtu huko Seoul, naondoa nini?

Nilimuuliza fundi swali hilo Jumatatu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo, dadangu, hairudi." Nilishukuru hakunidanganya. Nikaomba tarehe yangu ya kuzaliwa ibaki mwaka tu, nikatia sahihi.

"Na nywele?" akauliza. "Unasuka lini?"