Vivuli vya Miti Isiyoonekana

Mzee anakwea njia ya shambani, mzigo wa kuni mgongoni, bakora mkononi. Ni asubuhi ya baridi kali. Sakitu imetanda juu ya matuta na jua ndiyo kwanza linaigusa. Basi, ni hayo tu. Hamna mfalme, hamna vita wala malaika. Camille Pissarro aliichora picha hii, Gelée blanche, mwaka 1873, kwenye njia ya kale ya kwenda Ennery, jirani na mji wa Pontoise, kaskazini-magharibi mwa Paris.

Miaka miwili nyuma alikuwa amerejea kutoka London, alikokimbilia wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia. Nyumba yake ya Louveciennes ilikuwa imekaliwa na askari wa adui, na sehemu kubwa ya kazi zake za karibu miaka 20 ilikuwa imeteketea. Turubai nyingine askari walizitandika bustanini wasikanyage tope. Wengi wangekata tamaa. Yeye alishika brashi akarudi mashambani.

Aprili 1874 picha ilitundikwa kwenye maonyesho ya kwanza ya kundi lake la wachoraji, katika studio ya zamani ya mpiga picha Nadar, Boulevard des Capucines. Louis Leroy wa gazeti la vichekesho Le Charivari akaikejeli: kwake, matuta yale yalikuwa rangi iliyokwanguliwa kibaoni na kupakwa juu ya turubai chafu. Makala hiyohiyo, ikimlenga Claude Monet, ndiyo iliyoeneza jina la Waimpreshonisti.

Hata Jules Castagnary, mhakiki aliyeliunga mkono kundi hilo, aliona kosa. Vivuli virefu vinavyokata shamba ni vya miti iliyo nje ya fremu. Mtazamaji anaona kivuli, mti haupo. Hapo mimi nasimama na Pissarro. Aliyewahi kwenda shamba alfajiri anajua kwamba kivuli hukanyagwa kabla ya mtu kuinua macho kuutafuta mti. Mchoraji alisimama pale mkulima anapopita, akaona anachokiona mkulima.

Leo picha iko Musée d'Orsay, Paris, sentimita 65 kwa 93. Ukiisogelea sana, mzee anayeyuka katika madoa ya rangi. Ukirudi nyuma hatua chache, anaendelea kupanda na kuni zake.