Mstari wa Uongo katika Batli

Neno batli ni la mabaharia. Nahodha wa Ulaya wa zamani alikuwa akitupa baharini kipande cha gogo kilichofungwa kamba yenye mafundo, akahesabu mafundo yaliyopita kwa muda maalumu, akajua mwendo wa chombo chake, kisha akauandika katika daftari. Kwa Kiingereza gogo lile ndilo lililolipa daftari jina, na jina hilo hilo likaja kupewa maandishi ambayo programu za kompyuta hujiwekea zenyewe: nani ameingia, saa ngapi, ametaka nini, amekataliwa kwa sababu gani. Maandishi hayo nayaita batli katika insha hii. Lakini tofauti ipo, nayo si ndogo. Batli ya merikebu iliandikwa na ofisa aliyejulikana, wala abiria hakupewa kalamu. Katika batli ya kompyuta kila abiria hutia neno lake, maana jina analolitaja mlangoni hunakiliwa kama alivyolitaja.

Asili ya hatari hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1901 Donald Murray, katika mfumo wake wa simu za maandishi, alitia miongoni mwa herufi amri mbili zisizoonekana karatasini: moja ya kurudisha kigari mwanzoni mwa mstari, nyingine ya kusogeza karatasi mstari mmoja. Amri hizo zilirithiwa na ASCII mwaka 1963, zikapewa namba 13 na 10. Hivyo neno na amri vikasafiri katika njia moja, vimevaa vazi moja.

Sasa msomaji na atazame matokeo yake. Batli nyingi huhesabu kwamba mstari mmoja ni tukio moja. Mgeni akiulizwa jina, akajibu «juma», batli itaandika: «Kuingia kumeshindwa: juma». Akijibu «juma», akatia herufi namba 10, kisha akaongeza «Kuingia kumefaulu: msimamizi», batli itakuwa na mistari miwili, na wa pili haukuandikwa na programu hata kidogo. Mchunguzi atakayekuja kesho atamshuku msimamizi asiye na hatia. Hakuna kilichofutwa wala kilichovunjwa. Shahidi mwenyewe ndiye aliyelishwa maneno.

Syslog, chombo mashuhuri cha kupokea batli, kilibuniwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1980, kwa ajili ya programu ya barua iitwayo Sendmail. Zama zile mitambo mingi iliaminiana. Waraka wa RFC 3164, uliotolewa mwaka 2001, ulikiri wazi kwamba ujumbe wa syslog waweza kughushiwa, na kwamba adui aweza kuzusha taarifa za msiba katika mtambo mmoja ili walinzi wakimbilie huko, naye apate nafasi ya kuvamia mwingine. Shirika la MITRE, katika orodha yake ya udhaifu wa programu, limeupa udhaifu huu wa kutosafisha kinachotiwa katika batli namba 117.

Juu ya dawa, wako wanaoshauri kufuta kila herufi ya kutiliwa shaka. Mimi sikubaliani nao kabisa. Mwenye kufuta hupoteza ushahidi wa jaribio lenyewe, na mwanahistoria hawezi kufurahia hati iliyokwanguliwa. Afadhali amri ya mstari mpya igeuzwe kuwa alama inayoonekana, ili ibaki bila nguvu. Au maneno ya mgeni yafungwe ndani ya mipaka yake, kama afanyavyo JSON, ambayo huzigeuza herufi hizo ndani ya alama za kunukuu. Na kwa kuwa hasara huweza kutokea hata wakati wa kusoma, chombo kinachoonyesha batli katika kivinjari nacho kisiyapokee maneno hayo kama maagizo.

Mkasa mkubwa kuliko yote ulitokana na kusahau tahadhari hiyo ya mwisho. Mwaka 2013 Log4j, maktaba ya batli ya lugha ya Java, iliongezewa uwezo wa kutafuta vitu kwa njia ya JNDI. Maktaba hiyo ilikuwa na mazoea ya kutafsiri alama maalumu hata zilizomo katika maneno ya mgeni. Basi mgeni alipoandika alama ya dola, mabano, na anwani ya seva yake, batli haikuandika tu: ilikwenda kwenye anwani ile, na aghalabu ikaleta programu ya adui na kuiendesha. Katika mchezo wa Minecraft ilitosha kuandika maneno hayo katika mazungumzo ya wachezaji. Mtaalamu wa Alibaba Cloud aliwaarifu wenye maktaba tarehe 24 Novemba 2021. Dunia ikajua tarehe 9 na 10 Desemba, na udhaifu ukapewa alama 10 kati ya 10. Toleo la 2.16.0, siku chache baadaye, liliyaondoa kabisa mazoea yale ya kutafsiri ndani ya ujumbe. Hata hivyo bodi ya serikali ya Marekani iliyochunguza mkasa huo ilieleza, Julai 2022, kwamba nakala zenye udhaifu huo huenda zikabaki katika mitambo kwa muda wa miaka kumi au zaidi.