Farasi, Hatamu na Kariakoo: Tarehe ya Msamiati wa Kupanda Mnyama

Mtu akivuka Mnazi Mmoja kwa miguu na kuingia Kariakoo, anaweza kuzunguka mitaa yote hadi Msimbazi asikutane na farasi hata mmoja. Mizigo hubebwa kwa malori, kwa pikipiki, kwa mikokoteni inayokokotwa na watu, na kwa vichwa na mabega. Hata hivyo farasi yumo katika maneno ya mahali hapo. Muuza pampu za maji humweleza mteja wake kwamba mashine hii ina nguvu farasi tano na ile ina kumi. Magazeti yanayouzwa pembezoni mwa barabara huandika kwamba fulani ameshika hatamu za uongozi. Wazee wanakumbuka vema jinsi msemo wa Chama kushika hatamu ulivyovuma katika miaka ya 1970, hasa baada ya Katiba ya Muda kubadilishwa mwaka 1975. Ni wachache kati ya wale waliousema na kuuandika waliopata kushika hatamu yenyewe, yaani ukamba ule wa kumwongozea mnyama.

Jambo hili lina maana kwa mfasiri. Kila baada ya miaka minne, Michezo ya Olimpiki ifikapo, watangazaji na wafasiri wa Kiswahili hukabiliwa na mchezo ambao hapa kwetu hauna wachezaji wengi: mpanda farasi huingia katika kiwanja cha mchanga chenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 20, akatoa heshima kwa waamuzi, kisha akamwongoza farasi wake katika miendo iliyopangwa. Kila mwendo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10. Hapana mbio wala kuruka viunzi. Kinachopimwa ni utii wa mnyama, wepesi wake, na jinsi mpandaji anavyomwelekeza pasipo kuonekana kama anamwelekeza. Wafaransa waliuita mchezo huo kwa neno lenye maana ya kumfunza mnyama, na mataifa mengi yakalichukua lilivyo. Kwa matamshi yetu laweza kuandikwa dresaji. Mfasiri asiyejihadhari, akivutwa na neno la Kiingereza lenye sauti ya karibu, ataandika “mashindano ya mavazi ya farasi”, na msomaji atadhani kwamba wanyama hao wanashindania matandiko.

Kabla ya kutafuta jina linalofaa, yafaa tutazame kwanza tulichonacho. Neno farasi lenyewe lina asili ya Kiarabu, na vifaa vyake vingi vilikuja pamoja naye: lijamu, kile chuma cha kinywani, hatamu, na seruji, tandiko la Kiarabu. Lakini Kiswahili hakikukaa kikipokea tu. Tandiko na matandiko ni maneno yetu kwa asili na umbo. Kigwe, kamba iliyosokotwa, kilipewa kazi ya kumwongozea mnyama, na kikuku, pambo la mguuni, kikapewa kazi ya kukanyagiwa na mpandaji. Mtumishi wa farasi aliitwa saisi. Ama kuhusu miendo, makamusi yetu yametunza maneno ambayo wengi wetu hatuyatumii: telki ni mwendo wa haraka wa mnyama bila ya kukimbia, matiti ni mbio ndogo ndogo za kurukaruka, na shoti ni mbio zenyewe. Maneno haya yalisemwa zaidi juu ya punda kuliko juu ya farasi, maana punda ndiye mnyama wa kupandwa wa Unguja, Lamu na miji mingine ya pwani.

Tunaye shahidi mmoja mwema wa habari hizo. Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, na ambaye baada ya kuolewa na Mjerumani aliitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo anasimulia jinsi watoto wa Sayyid Said walivyofundishwa kupanda wanyama tangu wakiwa wadogo, na jinsi punda weupe wa Maskati walivyothaminiwa. Haya yalikuwa mafunzo ya nyumbani, ndugu kwa ndugu, wala hapakuwa na malipo wala kikombe. Huko Oman desturi ya kuonyesha farasi na ngamia waliofunzwa, iitwayo ardha, ingali hai, na mwaka 2018 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Waswahili wengi waishio Maskati wanaifahamu. Mtu akitaka neno la kale la maonyesho ya namna hii, basi lipo. Ila ardha ni jambo la kundi na la sherehe, na dresaji ni ya mpandaji mmoja mbele ya waamuzi. Kwa hiyo sidhani kwamba moja laweza kusimama badala ya jingine.

Kwa nini basi farasi hakuingia bara, akazaa huko msamiati mpana kama ng'ombe alivyofanya? Sababu kubwa ni mbung'o. Katika miaka ya 1890 daktari David Bruce, alipokuwa Zululand, alithibitisha kwamba mdudu huyo ndiye anayeeneza nagana, ugonjwa unaoua farasi na ng'ombe. Wenye misafara walikuwa wamekwisha kulijua jambo hilo kwa hasara yao wenyewe, ndiyo maana karibu bidhaa zote za njia ya Bagamoyo hadi Ujiji zilichukuliwa na wapagazi. Hapo ndipo lugha yetu ilipotajirika: mpagazi, mchukuzi, hamali, mzigo, mtumba, kituo, kambi. Palipokosekana mnyama wa kubeba, maneno ya kubeba yalimfuata binadamu.

Na hapa ndipo tarehe ya farasi inapogusa Kariakoo. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walileta askari wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Mwezi wa Aprili 1916 kikosi cha Jenerali Van Deventer kilikwenda mbio hadi Kondoa Irangi katikati ya masika, na farasi wakafa njiani kwa mamia. Wengine walipoletwa, nao walikufa. Nyumbu na ng'ombe wa kukokota hawakusalimika pia. Jeshi likageukia mabega ya watu. Inasemwa mara nyingi kwamba upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja katika muda wote wa vita, na waliokufa kwa njaa, kuhara na homa walikuwa makumi ya maelfu. Dar es Salaam ilitwaliwa mwezi wa Septemba 1916, na kambi ya wapagazi ikawekwa upande wa magharibi wa mji. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyewe wakatamka Kariakoo. Nairobi nayo ina mahali penye jina hilo hilo. Laiti farasi wangaliweza kuishi katika nyika zetu, jina la soko letu kuu huenda lingalikuwa jingine kabisa. Katika miji mingi ya Ulaya sanamu za vita ni za majemadari juu ya farasi. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya mtu aliyesimama kwa miguu yake.

Mji huu una neno jingine la kutazamwa. Uwanja wa Gymkhana ulipata jina lake kutoka Bara Hindi, na sehemu yake ya pili ni ile khana ya Kiajemi yenye maana ya nyumba au mahali. Kwa Waingereza neno hilo lilipata kumaanisha hasa michezo ya watoto na vijana juu ya farasi wao wa nyumbani. Kwa mkazi wa Dar es Salaam lamaanisha gofu, tenisi na kriketi. Mfasiri akikutana nalo katika habari za farasi asiliache lilivyo, kwani msomaji wetu atawaza vijiti vya gofu.

Sasa tuje kwenye jina la mchezo. Watu wengine hupendekeza “mafunzo ya farasi”. Lakini hilo ni pana mno, kwani hata farasi wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi wana mafunzo. Mimi napendelea kitenzi funda. Kumfunda mtu si kumpa maarifa tu. Ni kumtia adabu, kumfundisha jinsi ya kujichukua mbele ya watu, tena kwa muda mrefu na kwa siri kidogo. Hivyo ndivyo farasi huyu alivyo. Tukisema ufundaji wa farasi, na mashindano ya farasi waliofundwa, msikilizaji wa Kariakoo ataelewa bila ya kufafanuliwa, na pengine atacheka, jambo ambalo si baya.

Kwa miendo, matiti yatumike kama yalivyo. Shoti katika lugha ya kawaida ni mbio kali. Lakini katika mchezo huu mbio kali hazimo, kwa hiyo neno hilo laweza kuchukua mwendo wa tatu, ule wa mbio za taratibu, pasipo kuleta utata. Farasi anapokwenda mbele na kando kwa wakati mmoja, hapana budi tuseme mwendo wa mshazari. Anapopiga matiti pasipo kusogea, tuseme matiti ya papo hapo. Nyumbu alete hadhari: kwa mwanajeshi wa 1916 ni mtoto wa punda na farasi, kwa mgeni wa Serengeti ni mnyama wa porini. Panapohitajika usahihi, baghala yupo.

Limebaki neno la yule asiyelipwa. Wanandondi wetu wamekwisha kulitatua: ngumi za ridhaa, na ngumi za kulipwa. Mpandaji wa ridhaa basi. Ila mfasiri wa tarehe ajue kwamba katika mchezo huu ridhaa na cheo vilichanganywa. Tangu ufundaji wa farasi ulipoingia katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, na kwa miongo iliyofuata, mwanajeshi aliyetaka kushindana ilimpasa awe afisa. Katika Michezo ya London ya 1948 Sweden ilishinda kwa timu, kisha ikanyang'anywa ushindi kwa kuwa Gehnäll Persson, mmoja wa wapandaji wake, hakuwa afisa kamili. Mwaka 1952, huko Helsinki, mlango ulifunguliwa kwa askari wa kawaida na kwa wanawake, na Lis Hartel wa Denmark, ambaye polio ilikuwa imemdhoofisha miguu, akapata medali ya fedha. Persson naye alirudi mwaka huo huo, na timu ya Sweden ikatwaa dhahabu.

Nao wale wanaoingia mashindanoni na mnyama wa nyumbani, anayepandwa na watoto na kujulikana kwa jina na jirani zote, tusiwatafutie istilahi ya mbali. Lamu, siku za mashindano ya punda, vijana hupanda punda wale wale waliobeba mawe na mchanga juma zima. Farasi wa namna hiyo ni farasi wa nyumbani.