Chanzo cha Hesabu ya Saa katika Programu za Kompyuta

Kiwango cha ISO 8601 kilipochapishwa mwaka 1988, siku ilihesabiwa kuanzia 00:00, ambayo kwa Waswahili ni saa sita usiku. Saa za Kiswahili huhesabiwa tangu macheo na machweo. Hivyo 07:00 ndiyo saa moja asubuhi. Baadaye, hifadhidata ya CLDR ya Unicode Consortium ilikusanya majina ya siku, miezi na vipindi vya siku kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Hata hivyo, programu inayoambatisha neno “asubuhi” na tarakimu 7 huzalisha “saa 7 asubuhi”, wakati usiokuwapo katika usemi wa Kiswahili. Abiria asomaye 7:00 pasipo kipindi aweza kufika kituoni saa saba mchana, basi likiwa limeondoka saa sita kabla. Kasoro hiyo si ya msamiati, bali ya chanzo cha hesabu. Kutafsiri maneno hakutoshi: saa sita hazina budi kuondolewa wakati wa kuonyesha, huku wakati uliohifadhiwa ukibaki ulivyo.